Mninga Umetoa Damu

Aliyetaka makabati yawe meupe ni mama mkwe mwenyewe. Sisi wengine tulikataa. Makabati yale ya jikoni aliyaunda marehemu mumewe kwa mbao za mninga zilizokuja Tanga kutoka Tabora, na hakuna mgeni aliyeingia jikoni bila kupapasa mlango na kusifu. Lakini mama macho yamepungua nguvu, dirisha ni moja, na mbao zilikwisha kuiva weusi kwa vanishi ya zamani na moshi wa mafuta.

"Nyinyi mnasifu uzuri, mimi humo ndani sioni hata chumvi ilipo," akatuambia.

Maneno yakaisha hapo. Ramadhani ilikuwa imeingia, na kwetu nyumba hupakwa rangi kabla ya Idd.

Fundi tuliyeletewa na jirani alikuwa mwepesi wa mkono. Milango hakuing'oa. Aliifuta kwa kitambaa kikavu, akaikwangua kidogo kwa msasa, akafungua ndoo ya rangi ya maji. Baba watoto akamuuliza, "Fundi, praima hutii?" Akajibu kwamba rangi za siku hizi haziihitaji. Magharibi ilipoadhiniwa jikoni kunang'aa, mama anatabasamu, fundi ameshika hela yake.

Msiba ulianza wakati wa daku. Wifi alivuta mlango wa vikombe, ukagoma. Ulikuwa umegandana na fremu. Akavuta kwa nguvu, ukafunguka na ukanda mrefu wa rangi ukining'inia mkononi mwake kama utando wa maziwa. Chini yake vanishi ya zamani ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Kulipopambazuka mjukuu ndiye aliyemwita bibi yake: "Bibi, kabati linatoka damu!" Kwenye kingo na kona, weupe ulikuwa umeingia madoa mekundu ya kutu.

Simu ya fundi haikupatikana tena.

Mninga una utomvu mwekundu; ukiukata mti wenyewe unauona ukichuruzika, na watu wameutumia tangu zamani kutia rangi. Pale msasa ulipokula vanishi hadi kwenye mbao, maji ya ile rangi yaliyeyusha wekundu ukapanda juu. Kwingine kote, rangi ilikuwa imekaa juu ya mafuta ya kukaangia na vanishi laini, haina pa kushika. Na masika yale, hewa imejaa unyevu, haikukauka sawasawa.

Fundi wa pili, mtu mzima, alikuja na penseli badala ya brashi. Nyuma ya kila mlango, chini ya bawaba, aliandika namba, na namba ileile akaiandika kwenye fremu. Milango ya seremala haifanani, alitueleza. Kila mmoja ulirandwa kwa ajili ya tundu lake, ukibadilisha hautafunga. Akaichukua yote karakanani kwake. Mimi nilimfuata huko mara kwa mara, na naamini kwa moyo wote kwamba kazi ya rangi ni ile inayofanyika kabla debe la rangi halijafunguliwa. Aliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akaiacha ikauke. Akabandua rangi ya mwenzake. Msasa namba 120, kisha 180, akifuata nyuzi za mti. Puti kwenye matundu. Halafu sheleki, ute wa wadudu wa India uliokaushwa na kuyeyushwa kwa spiriti, unaozuia wekundu usipande. Akangoja. Palipokuwa na kifundo cha mti doa likajitokeza tena. Akapaka sheleki mara nyingine pale pale, akangoja tena. Ndipo ikaja praima, na rangi ya mafuta kwa mikono miwili myembamba, katikati msasa laini. Mvua ikinyesha, hapaki.

Kwa hiyo Idd ilitukuta makabati yako wazi. Wifi alitundika kanga mbele yake, na shangazi zetu wote wakazifunua.

Kabla ya kumalizia, fundi alimleta mama mlango mmoja mkononi. Kwa ndani, chini ya uchafu, zilikuwa zimetokea hesabu za inchi kwa penseli, mwandiko wa marehemu. Akauliza kama apaache. Sisi tulinyamaza tukimwangalia. Mama akapitisha kidole pale, ingawa sidhani kama aliweza kusoma.

"Paka, mwanangu. Yeye mwenyewe angeshapaka."

Milango ilirudi, kila mmoja kwenye namba yake. Fundi alituachia agizo: rangi imekauka juu, lakini itachukua wiki kadhaa kukomaa, basi tusiisugue kwa waya wa sufuria, na usiku milango iachwe wazi kidogo isije ikagandana. Mama ndiye msimamizi. Wifi, ambaye hawezi kulala kabla hajafunga kila kitu, anaitwa arudi jikoni kila usiku.