Sungura na Gari la Ukoo

Sungura wa Tanga alipohamia Leicester, alijiona dereva aliyekamilika. Barabara ya Tanga hadi Segera aliijua kona kwa kona, hakuwahi kukwaruza hata bampa, na Uingereza nako magari hupita kushoto. Leseni ya nyumbani ilimfaa miezi 12 ya mwanzo, kama sheria ya huko inavyoruhusu. Baada ya hapo haikuwa na kazi tena: leseni ya Tanzania haibadilishwi kuwa ya Uingereza, sharti ufanye mtihani upya. Akaufanya, akafaulu.

Akanunua gari, akaenda kwa Bundi, wakala wa bima. Maswali ya Bundi hayakuisha. Gari litalala wapi, barabarani au uani? Utalitumia kwa matembezi, kwenda kazini au kwa biashara? Nani mwingine ataliendesha? Sungura akajibu kuwa ni matembezi na kazini tu, na dereva ni yeye peke yake. Akaambiwa miaka yake ya Tanga bila ajali haihesabiwi, kwa hiyo punguzo la kutodai fidia linaanzia sifuri. Akanung'unika, kisha akakata bima kubwa, ambayo huko mara nyingi huwa na bei ya chini kuliko ndogo. Stika ya kubandika kiooni hakupewa. Uingereza haina stika ya bima. Kamera za polisi husoma namba ya gari na kuilinganisha na daftari la bima la nchi nzima.

Haukupita muda, binamu yake Fisi akawasili, akapata kibarua cha kupeleka vyakula majumbani usiku.

"Kaka, gari linalala bure na lina bima kubwa. Nipe ufunguo, mafuta nitaweka mwenyewe."

Nyumbani ombi hili halina ubaya. Bima ya gari kwa kawaida humkinga dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye gari. Sungura akatoa ufunguo kwa moyo mweupe, nami simlaumu kwa hilo. Kumnyima ndugu ugenini ni kazi ngumu.

Mzee Kobe, jirani yake wa ghorofa ya juu, akamwita pembeni. "Mwanangu, huku bima inamjua mtu kwa jina, na jina la Fisi halimo. Hata lingekuwemo, kupeleka vyakula kwa malipo kuna bima yake. Mpigie Bundi leo."

"Nitampigia Jumatatu, mzee wangu."

Jumamosi usiku Fisi alikuwa njiani, biriani ya mteja ikimnukia kutoka kiti cha nyuma. Akageuka mara moja tu kuitazama. Aliporudisha macho barabarani, alikwisha kulivaa gari la Paa, na Paa aliyekuwa anashuka akavunjika mguu.

Paa hakupoteza haki yake. Kampuni ya bima ililazimika kumlipa fidia, kwa kuwa sheria ya huko humlinda aliyeumizwa. Kisha ikamgeukia Sungura imdai fedha hizo, maana ndiye aliyetoa ufunguo. Gari lake mwenyewe halikutengenezwa hata taa. Polisi walilivuta usiku uleule. Fisi alishtakiwa kwa kuendesha bila bima, na Sungura kwa kumruhusu. Sheria ya Barabara ya 1988 huwahesabu wote wawili kuwa wakosaji.

Wanaowaambia wageni kuwa bima kubwa inakinga kila kitu na kila mtu wanawaponza, hata wakisema kwa mapenzi.

Sungura alipigwa faini na leseni yake ikaandikwa alama 6, kiwango cha chini kabisa kwa kosa hilo. Lakini kwa dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu mtihani wa kwanza, alama 6 hufuta leseni. Miaka ya Tanga haikumwokoa, kwa sababu hesabu ilianza siku alipofaulu Leicester. Akarudi kuwa mwanafunzi, na herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari.

Wewe uliye ughaibuni, kabla hujampa ndugu ufunguo, ipigie simu kampuni yako, utaje jina lake na kazi atakayoifanya na gari. Kumkatia bima ya muda mfupi kunawezekana siku hiyohiyo.