Viti Vitatu, Njia ya Vitshumbi

Gari letu ni Toyota Vitz ya mwaka 2003. Lilitumika kwanza Japani, likashushwa bandarini Mombasa, likavuka Kenya na Uganda hadi kwetu Goma, usukani wake ukiwa kulia ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa nje upana wake ni mita 1.66. Ndani, pale nyuma, nilipima kwa futi ya fundi nguo toka mlango hadi mlango nikapata sentimita 124. Katika sentimita hizo tulitaka kuketisha watoto watatu, kila mmoja kwenye kiti chake cha usalama, tuwafikishe kwa bibi yao Vitshumbi.

Kifunguamimba wetu alikuwa na miaka sita, wa kati mitatu, na kitindamimba miezi saba. Ilikuwa Agosti 2021, likizo kubwa. Mama mkwe wangu anauza samaki Vitshumbi, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, na mjukuu wake wa mwisho alikuwa bado hajamtia machoni. Simu zake zilikuwa na neno moja: mleteni mtoto.

Shauri la viti lilizaliwa siku ya kukimbia. Mlima Nyiragongo ulilipuka usiku wa tarehe 22 Mei mwaka huo. Matetemeko yakaendelea, na asubuhi ya tarehe 27 Mei serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Sisi tulishika njia ya Sake pamoja na umati: malori, pikipiki, chukudu za mbao zilizopakia magodoro, watu kwa miguu na masufuria kichwani. Kitindamimba alikuwa kifuani kwangu ndani ya kitenge. Wa kati alisimama katikati ya viti vya mbele, maana nyuma kulijaa ndugu na mizigo. Lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, mume wangu akakanyaga breki, mtoto akaruka mbele, paji la uso likagonga dashibodi. Tulikuwa tunakwenda polepole sana. Hata hivyo uvimbe ulitoka kama yai, na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, hakusema neno mpaka tulipofika Sake. Pale ndipo alipotamka: "Mama Watoto, hawa hawatapakatwa tena ndani ya gari hili."

Kutamka ni rahisi. Goma utapata maziwa ya kopo, nepi na kila aina ya kigari cha kusukuma, lakini duka linalopanga viti vya gari vya watoto halikuwepo tulikopita. Tuliokota kimoja kimoja. Familia moja iliyokuwa inahama mji ilituachia kiti cha mtoto mchanga, kile kinachofungwa mtoto akitazama nyuma. Wifi yangu aliyeko Ubelgiji alimpa msafiri kikalio chepesi kisicho na mgongo, cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari upite begani na nyongani, usimkate shingo wala tumbo. Cha tatu tulikipata mtaani Birere kwa muuza mitumba: kikubwa, kitambaa chekundu, mito minene. Watoto walikigombania kabla hakijafika nyumbani.

Kazi ya kuvifunga ilianza uani Jumamosi asubuhi. Kiti chekundu kiliingia kwanza, nacho peke yake kikala sentimita 47. Cha mtoto mchanga kilikuwa 44. Mume wangu akajaribu kukifunga nyuma ya dereva, na kwa kuwa mgongo wa kiti kinachotazama nyuma hulalia mbele, kikasukuma kiti cha dereva hadi magoti yake yakagusa usukani. Tukakihamishia upande wa kushoto, nyuma yangu, kwani mimi ni mfupi. Hapo kikakaa vizuri. Kikabaki kikalio cha mkubwa upande wa kulia. Kilikaa, ila kilifunika kabisa pale mkanda unapochomekwa, na mlango ukagoma kufunga. Mume wangu alisukuma kutoka nje, mimi nikavuta kutoka ndani, ngozi ya vidole ikachubuka, mlango haukufunga.

Majirani walikuja, kila mmoja na shauri lake. Mmoja alisema tukate povu la kiti chekundu. Mwingine akasema kitindamimba awekwe mbele. Mwingine, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema kwa upole kwamba sisi sote tulikua mapajani na tukafika salama.

Shauri la kwanza mume wangu alilikataa papo hapo: kiti kilichokatwa hakina tena nguvu aliyoikusudia mtengenezaji. La pili ni hatari kubwa zaidi. Mbele ya abiria wa Vitz kuna mfuko wa hewa, nao ukifumuka hupiga mgongo wa kiti kinachotazama nyuma kwa nguvu ya kuua. Mtoto mchanga hutazama nyuma kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Gari likigonga, mgongo wa kiti hupokea mwili wote kwa pamoja badala ya shingo kubeba kichwa peke yake. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, namba 129, inataka mtoto aendelee kutazama nyuma angalau hadi miezi 15. Wa kwetu alikuwa na saba.

Kuhusu mapaja, jibu lilingoja mpaka Vitshumbi.

Jioni hiyo tulikigeuza kiti chekundu tukitafuta kibandiko. Viti vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa hubeba kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara na namba ya kanuni, 44 au 129, pamoja na uzito au urefu wa mtoto anayefaa. Chetu hakikuwa nacho. Chini ya kitambaa, plastiki ilikuwa na ufa mrefu toka kiunoni hadi begani. Kiti kilichokwisha kupita katika ajali kinaweza kupendeza machoni huku mifupa yake imevunjika. Tulikivunja vipande ili asije mtu mwingine akakiokota. Wa kati alilia mpaka akalala.

Tangu hapo tulitanguliza futi badala ya macho. Hesabu ilikuwa wazi: 124 toa 44 za kiti cha mtoto mchanga, toa 38 za kikalio cha mkubwa, zinabaki 42. Kikalio chenye mgongo kingelinda kichwa cha mkubwa vizuri zaidi ubavuni, lakini tulichokiona kilikuwa na sentimita 45, nacho kingemtoa mdogo wake garini. Hicho cha katikati, basi, kisizidi 42. Tena kulikuwa na sharti la pili. Katikati ya kiti chetu cha nyuma kuna mkanda wa kiunoni tu, usio na kamba ya begani. Kikalio hakifai pale kamwe, kwa maana mkanda wa kiunoni peke yake hauzuii kifua wala kichwa. Panafaa kiti chenye mikanda yake ya mabega ambacho mtengenezaji ameandika kwamba chaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Zile ndoano za chuma za magari mapya, ambazo kiti huchomekwa kwazo tu, gari letu halina.

Tulikipata Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa rafiki ambaye watoto wake wamekua. Kibandiko kipo, ufa hakuna, maelezo ya mkanda wa kiunoni yamechorwa ubavuni. Upana: sentimita 41. Jumla ya vitatu, 123.

Hata hivyo mpangilio ulikuwa na siri yake. Cha katikati hufungwa kwanza, mtu akipiga goti juu yake na kuvuta mkanda mpaka kisisogee. Kisha cha mtoto mchanga. Kikalio huja mwisho, na mkubwa hujifunga kabla kikalio hakijasukumwa kabisa pembeni. Milango ilifunga bila kusukumwa. Kwa sababu usukani uko kulia, mlango wa kitindamimba unafungukia upande wa magari yanayopita. Tukaweka sharti: kumtoa mtoto, gari litoke barabarani kabisa.

Ikaja mizigo. Vitshumbi imo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ni kimoja kati ya vijiji vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa upande wa Kongo wa Ziwa Edward, pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma. Kuvua kunaruhusiwa, kulima hakuruhusiwi. Kwa hiyo anayetoka Goma haendi mikono mitupu. Hupeleka maharage, viazi, kabichi, unga. Zamani tulilaza nusu ya kiti cha nyuma tukapakia gunia. Sasa kiti hakilaliki, na buti la Vitz ni la mabegi mawili. Gunia la viazi likapanda lori la Fuso la mfanyabiashara wa samaki, nasi tukalipia nauli yake.

Tulipita Kibumba na Rumangabo, makao ya mbuga, tukafika Rutshuru, tukapumzika Kiwanja. Kwenye kizuizi cha pale askari aliinama dirishani akauliza watoto wamefanya kosa gani hata wakafungwa. Mkubwa akamjibu mwenyewe kwamba mkanda ni wa kumkinga. Baada ya hapo wa kati alitapika, na kumfungua katikati ya ndugu zake wawili ilikuwa kazi: lazima mkubwa ashuke kwanza. Tangu Mabenga tulifuatana na magari mengine, tukakunja Rwindi, tukateremka tambarare mpaka tukaona korongo marabu wamesimama juu ya mapaa na ziwa likimeta nyuma yao.

Mama mkwe alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele, kisha akakizunguka kiti cha mtoto mchanga akikitazama. "Kiti hiki kinabeba mtoto mmoja," alisema. "Mapaja yangu yalibeba watatu."

Neno hilo lilirudi siku ya kuondoka. Alikuwa amefunga samaki wa chumvi, na kando ya mzigo akasimama binti wa shemeji yangu na begi lake la shule, aje asome Goma. Kwa macho ya wote pale, gari lilikuwa na nafasi tele: ng'oa kiti kimoja, pakata mtoto. Kukataa mbele ya wakwe si jambo dogo. Mume wangu aliketi chini karibu na mama yake, akachukua kijiti, akaandika mchangani.

"Mama, huyu ana kilo nane. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, yeye huvuta mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 110. Gunia la mahindi ni kilo 100. Likirushwa toka mapajani mwako, utalizuia kwa mikono?"

Mama mkwe amepima mizigo maisha yake yote. Aliutazama ule mchanga, akatazama mikono yake. "Gunia silizuii," alisema. Kisha akamwita shemeji yangu, wakapanga binti asafiri na baba yake kesho yake kwa gari la abiria, na samaki wapande Fuso. Nauli aliitoa yeye mwenyewe. Tulirudi Goma watano, milango imefungwa.

Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa asilimia 71. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, sheria inadai kiti kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita tangu Aprili 2000. Tunanunua magari yao. Watoto wetu wanastahili ulinzi uleule.

Na kwetu kuna sababu zaidi. Vita vilirudi, Rutshuru na Kiwanja zilitekwa na waasi wa M23 Oktoba 2022, Goma mwishoni mwa Januari 2025. Katika nchi ambamo familia hukimbia bila kupewa muda, kiti kilichohifadhiwa chumbani hakimsaidii mtu. Kiache kimefungwa garini, kila siku.

Kwa hiyo, ndugu zetu mlio Ulaya na Marekani, mnapotafuta zawadi ya mtoto wa nyumbani, tafuteni kiti chembamba, chenye kibandiko, kisichopita katika ajali. Tuulizeni kwanza upana wa gari letu na aina ya mikanda iliyomo. Nawe mzazi wa Goma, pima kiti cha nyuma kabla ya kununua, na mtu mzima yeyote akikuambia mpakate, mwambie kwa heshima uzito wa lile gunia.