Barua ya Wazi kwa Seneti ya Chuo Inayotuonya Kuhusu Mitandao

Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti,



Waraka wenu wa kutuonya kwamba mitandao ya kijamii inashusha GPA zetu tumeupokea. Uliingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa saa nne usiku, katikati ya tangazo la mashuka na video ya singeli, nasi tukausoma kwa utulivu wote unaopatikana hapo. CR, kiongozi wetu wa darasa, alituagiza tujibu "nimeona". Tukajibu. Wawili walijibu kwa kibandiko cha mbuzi, wasameheni.

Kwa kweli hamjatusingizia. Yupo mwenzetu anayehudhuria kipindi cha takwimu kamera na maiki vikiwa vimezimwa, jina lake limo kwenye mahudhurio, mwenyewe yuko TikTok. Mhadhiri akimwita, tunamjibia kwamba mtandao unasumbua. Zoom ya bure tunayotumia hukatika baada ya dakika 40, na sijawahi kumsikia mwenzetu huyo akilalamika. Majibu ya asaimenti huyachukua Telegram, pamoja na makosa ya waliotutangulia.

Lakini tusaidieni hesabu moja. Mfumo wa chuo wa kujifunzia unataka bando la intaneti la kawaida. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likiisha, tunachomudu ni bando la mitandao ya kijamii, ambalo halifungui mihadhara. Ndiyo maana mwisho wa mwezi mwanafunzi anaweza kufuatilia harusi ya msanii kuanzia sendofu hadi keki, ila kurasa sita za sosholojia zinamshinda kupakua. Mhadhiri, kwa huruma yake, anazituma WhatsApp. Korona ilifunga vyuo nchini Machi 2020, vikafunguliwa Juni, na tangu hapo tunahubiriwa masomo ya mtandaoni. Hapa kwetu, bumu likiisha, masomo hayo huishia kwenye kundi la WhatsApp. Mmelipeleka darasa sokoni, sasa mnatukaripia kwa kutazama bidhaa.

Kama mnaamini dawa ni nidhamu tu, anzeni nyie. Kikao kijacho cha Seneti kifanyike mtandaoni, saa mbili mfululizo, kamera zote zikiwa wazi. Tunatamani kumwona profesa atakayefika ajenda ya tatu bila kufungua ujumbe wa mjukuu wake. (Na yule mjumbe anayetuma salamu za Ijumaa kwa watu wote, tunamfahamu.)

Dawa nyingine ipo: Afrika Kusini, mwaka 2020, kampuni za simu zilikubali wanafunzi wafungue tovuti za vyuo bila kukatwa data. Haikuhitaji miujiza, yalikuwa mazungumzo. Nanyi kaeni na kampuni zetu, mfumo wa chuo ufunguke bila bando, kisha waraka ujao uwekeni humo. Tukifeli baada ya hapo, tufukuzeni chuo bila huruma.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili