Katika Kumsifu Sungura Mgeni Anayelikataa Karai la Choo

Hadithi za Afrika Mashariki zimemtukuza sungura kwa ujanja wa kumghilibu fisi na kumlaghai simba, lakini zimenyamaza kabisa kuhusu kipaji chake kikubwa kuliko vyote, yaani uwezo wa kukimiliki chumba ambacho hakukijenga, akitumia kinyesi na mkojo peke yake. Kimya hicho kina udhuru, kwa sababu sungura wa hadithi ni yule wa porini, wa jenasi ya Lepus, ambaye hulala juu ya ardhi bila shimo la kulinda, ilhali sungura wa kufugwa, ambaye wataalamu humwita Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Rasi ya Iberia, na wahenga wake waliishi kwa makundi katika mashimo waliyoyapigania. Kumsifu huyu wa pili ni kufuata utanzu wa sifa za mzaha, ambao ni maandishi yanayokitukuza kwa lugha nzito kitu kinachodharauliwa. Kwa utanzu huo Lucian wa Samosata alimsifu nzi katika karne ya 2, na Synesius wa Kurene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, akausifu upara. Sungura anayefugwa ndani ya nyumba katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ana haki ya kuketi nao.

Sungura huyo anapofika akiwa ndani ya boksi la katoni, mwenyeji wake huwa amekwisha kumtengea karai lenye maranda, yaani vipande vyembamba vinavyodondoka seremala anapopiga mbao randa, akitumaini kwamba mnyama anayejilamba manyoya kutwa nzima hawezi kushindwa kuelewa kazi ya karai. Mgeni hulinusa, pengine akalala ndani yake kwa muda, kisha akaenda kuacha vitonge vyake chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kando ya gunia la mahindi na katikati ya mkeka. Wasiojua huuita huo uchafu. Elimu ya wanyama huuita kuweka alama za himaya, kwa kuwa sungura ana tezi kando ya tundu la haja kubwa ambazo huvipaka vitonge harufu yake binafsi, ana nyingine chini ya kidevu ambazo huzisugua kwenye miguu ya meza, na mkojo wake, hasa wa dume ambaye hajahasiwa, hurushwa kwa makusudi ili wapitao wajue wamepita kwa nani. Ugeni wenyewe ndio unaomhimiza, maana chumba kisichonukia kama yeye ni chumba cha mtu mwingine. Sungura mmoja aliyekomaa hutoa vitonge 200 hadi 300 kwa siku, na hakuna idara ya upimaji inayoweza kusimika bikoni, yaani zile nguzo fupi za saruji zinazowekwa kwenye pembe za viwanja, kwa kasi hiyo.

Thamani ya bidii hiyo hueleweka vizuri zaidi Hanang kuliko kwingineko. Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare zilizo chini ya Mlima Hanang, ambako Wabarabaig walikuwa wakichunga ng'ombe wao, na wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Walishinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo, ikiona kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile, na kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa walikuwa wenyeji kwa maana inayotakiwa na sheria. Samadi ya ng'ombe wao ilikuwa imetanda tambarare nzima, wala haikuhesabiwa kuwa kielelezo. Sungura haingii katika mtego wa namna hiyo, kwa sababu usiku wa kwanza tu huwa amekwisha kuwasilisha ushahidi kila pembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, baada ya cheti cha ardhi ya kijiji, vikao, upimaji na mihuri. Sungura huyamaliza yote hayo kabla ya alfajiri, na hadai posho.

Mbulu nako asingekosa watetezi. Wairaqw wanajulikana katika maandishi ya wataalamu wa kilimo kwa namna walivyorutubisha ardhi yao ya Mama Issara kwa samadi, na kwa desturi ya zamani mifugo yao ililala ndani ya nyumba ileile walimolala watu, hivi kwamba mzee wa huko hangeshangazwa na mfugo kujisaidia ndani, bali na matumaini ya kwamba utachagua karai. Vitonge vya sungura huweza kupelekwa shambani bila kuozeshwa kwanza, tofauti na samadi mbichi ya kuku inayounguza mimea, na mkojo wake huuzwa kwa lita hapa Tanzania, ukachanganywa na maji na kunyunyiziwa mazao kama mbolea na kifukuza wadudu. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeishi jirani na wakulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, naye anaufuta mkojo huo kwa tambara na kulikamulia uani, anamwaga mali. Harufu inayowafukuza wadudu, ni kweli, huwafukuza na wageni, lakini si kila nyumba huiona hiyo kuwa hasara.

Wapo wanaodai kuijua dawa ya tabia hii. Hushauri sungura ahasiwe na daktari wa mifugo afikapo umri wa miezi minne hadi sita, afungiwe kwanza katika eneo dogo, mkojo uliomwagika ufutwe kwa siki ili harufu ipotee, vitonge viokotwe na kutiwa karaini, na majani makavu yawekwe papo hapo, kwa kuwa sungura hupenda kula huku akijisaidia. Ushauri huo hufanya kazi, lakini sharti lake la mwisho ni kulihamishia karai kwenye pembe aliyoichagua sungura mwenyewe, jambo ambalo katika sheria yoyote ya ardhi lingeitwa kumtambua mmiliki. Akisha kutambuliwa, na asipoona mpinzani, hupunguza kusimika bikoni. Mwenye nyumba akishawishiwa na huruma kumletea mwenzake wa kumwondolea upweke, upimaji huanza upya usiku uleule, safari hii kwa wapimaji wawili wasiokubaliana mipaka. Na kama mmoja ni jike na mwingine ni dume, na ushauri wa kuhasi haukufuatwa, siku 31 hivi baada ya wawili hao kupatana huzaliwa warithi, kila mmoja na fungu lake la kudai.