Kutoka 22 kwa Mujibu Wangu

Mabibi na mabwana wa Bariadi, wageni wetu wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nanyi mliosimama kule nyuma mkijifanya mnapita tu. Mimi ni Profesa. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo huchelewa, nami sina subira. Mada ya leo: je, Maandiko ni kweli, na yatuongoze katika maadili? Ni kweli, yote, herufi kwa herufi. Kilichobaki ni kuwafundisha namna ya kuyatii bila kupata hasara.

Wamisionari walituponza. Kule Nassa, Busega, kituo ambacho Africa Inland Mission ilikichukua mwaka 1909, walifundisha watu kusoma. Kisha mwaka 1960 ikatoka Biblia nzima kwa Kisukuma, na hata bibi wa kijijini akajisomea sura mwanzo hadi mwisho. Kosa kubwa! Sura haisomwi yote. Mtaalamu huokota.

Tufungue Kutoka 22. Mstari wa 16 na wa 17: aliyemrubuni binti wa watu atoe mahari. Kweli tupu, ya milele! Nina mabinti wanne, na ng'ombe ni ng'ombe. Wa 18: mwanamke mchawi asiachwe hai. Naona mnapiga makofi. Wapo walioutii mstari huu bila hata kuufungua: mpiga ramli anachinja kuku, anachungulia matumbo, anamtaja bibi fulani mwenye macho mekundu, na usiku panga linatoa ufafanuzi. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, wakati damu ya watu wenye ualbino ikimwagika, mimi nilishangaa: kwani kuku amekosa nini?

Sasa tahadhari. Mistari minne tu mbele yake, wa 22 unakataza kumtesa mjane na yatima. Mmeona mtego? Bibi yule yule wa mstari wa 18 aghalabu ni mjane, na ana shamba. Shamba lenyewe la pamba, tena liko kando ya barabara. Kwa hiyo nimeamua, baada ya utafiti mrefu nilioufanya nikiwa nimelala: wa 18 ni sheria, wa 22 ni ushauri. Wa 25 unakataza kumtoza maskini riba. Huo uliwahusu Waisraeli wa jangwani, ambao hawakujua msimu wa pamba wala mkopo wa pembejeo. Wa 26 unadai nguo uliyoishika rehani irudishwe kabla jua halijatua. Jua lipi? La Bariadi au la Sinai? Sisi wataalamu bado tunajadiliana, na baiskeli yako, ndugu yangu wa pale mbele, itaendelea kukaa kwangu.

Ndugu zangu Waislamu, sijawasahau. Sura ya Bani Israil, aya ya 23, inamkataza mtu kumgunia hata kidogo mzazi wake aliyezeeka. Aya nzuri sana, inapendeza ukutani. Ila mama wa jirani sikumwona humo.

Mnauliza habari za macho mekundu. Wajinga husema ni moshi. Eti bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba maisha yake yote kwa sababu miti imekwisha. Hayo ni mambo ya jikoni, si ya taaluma.

Naam, mayu, mama yangu, una swali? Umekuja na Biblia yako mwenyewe, hongera. Mithali 23, mstari wa 29? Soma, mayu, taratibu. Unasema hata Mithali inauliza ni nani mwenye macho mekundu? Safi! Endelea, jibu liko mstari wa 30. Wanao... wanaokesha kwenye pombe?

Mbona wote mnanitazama usoni? Hili ni vumbi la mnadani! Mwenyekiti, muda wa maswali umekwisha. Na kile kidumu chini ya meza si changu, nimekishika rehani, na jua bado halijatua.