Koboko Ni Saa Ngapi?

Mimi ni raia wa Uganda tu. Simu yangu ni raia wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na hubadilisha uraia usiku nikiwa nimelala.

Mtu wa Kampala hawezi kuielewa shida hii. Huku West Nile mpaka uko karibu kama choo cha nje. Arua imepakana na Kongo ubavuni; ukishika barabara ya lami kuelekea kaskazini, kilomita hamsini na kitu, unafika Koboko, ambako Kongo ni mwendo wa bodaboda na Sudan Kusini iko mbele kidogo, ukishapita Oraba. Wilaya hiyo ndiyo yenye Salia Musala, mahali ambapo nchi zote tatu zinakutana. Watu wamezoea: shangazi yuko Yei, shamba liko ng'ambo, duka liko Koboko mjini. Minara ya simu nayo haijui pasipoti. Wa ng'ambo ukiita kwa nguvu kuliko wa nyumbani, simu inaitika. Nimewahi kukaribishwa Kongo kwa ujumbe mfupi, kwa Kifaransa fasaha, nikiwa nimekaa kwenye godoro la shemeji Koboko natafuna karanga.

Kukaribishwa si neno. Neno ni kwamba mnara, pamoja na salamu, huleta saa. Mtandao hutangaza majira ya nchi yake, na simu, kwa adabu iliyofundishwa kiwandani, hujirekebisha bila kumuuliza mwenyewe. Uganda iko saa 3 mbele ya Greenwich. Kongo ya mashariki iko saa 2. Sudan Kusini tulikuwa nayo pamoja hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha mishale yake nyuma kwa saa nzima. Kabla ya siku hiyo simu ya Koboko ilikuwa na jirani mmoja wa kuipotosha. Sasa inao wawili, tena wanakubaliana.

Safari moja nilikuwa nimelala kwa shemeji huko Koboko, na asubuhi nilitakiwa Arua. Nikatega simu iniamshe saa kumi na moja na nusu niwahi taksi ya kwanza. Usiku umeme ukakatika, mnara wetu nadhani ukalala nao, na simu ikaenda kuomba hifadhi kwa jirani. Nilichosikia kwanza ni adhana. Nikachungulia kioo: saa kumi na dakika arobaini. Nikamhurumia muadhini, mtu mzima kukurupuka hivyo gizani, nikajigeuza upande wa pili.

Shemeji alikuwa uani na birika lake la udhu.

"Shemeji, huendi tena?"

"Bado mapema, shemeji. Saa kumi na dakika arobaini."

"Ya wapi?"

Hilo ndilo swali la Koboko. Mahali pengine mtu huuliza saa ngapi. Hapa huuliza ya wapi. Nilivaa shati likiwa limegeuka, nikaruka juu ya boda, nikafika kituoni nikakuta taksi imeacha doa la oili na mama muuza chai. Konda wa taksi ya pili alinitazama, akaitazama simu niliyokuwa naitikisa, akasema kwa upole mkubwa, "Mzee, wewe umeamka na Wakongomani."

Taksi ya pili haiondoki kwa saa, inaondoka kwa kujaa. Kwa hiyo nilipata muda wa kupiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyoniharibia siku zaidi ya simu. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne. Koboko iko karibu digrii 31 mashariki ya Greenwich. Zidisha: dakika 124, yaani saa 2 na dakika 4. Jua la Koboko, kwa maneno mengine, liko upande wa Kongo! Saa 3 tunayoibeba sisi inafuata digrii ya 45, na ukiifuata digrii hiyo utakuta Mogadishu. Ndiyo maana huku jua linachomoza saa ikikaribia saa moja, ilhali sisi wenyewe tumekubaliana tangu zamani kwamba siku huanza linapochomoza, saa kumi na mbili. Ile simu msaliti ndiyo pekee katika Koboko nzima iliyokuwa inahesabu saa kama Mswahili wa kweli.

Muadhini simtii kwenye ugomvi huu. Yeye anafuata alfajiri yenyewe. Na mnara anao, ila wake ndio unaomsikiliza yeye.

Nilimweleza konda haya yote, digrii kwa digrii. Akaniomba nisogee, kiti ni cha watu wanne.

Nyumbani nikachimba zaidi, maana mtu mwenye ugonjwa wa mitambo hapewi sababu ndogo. Karibu kila kompyuta na simu duniani hutegemea hifadhidata moja ya majira, iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson na kutunzwa hadi leo kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Humo, kila badiliko la saa la kila serikali huandikwa kwa mkono. Uamuzi wa Juba wa 2021 ulipotangazwa, siku zilikuwa zimebaki chache, na watunzaji walilazimika kutoa toleo jipya haraka kwa ajili yake. Nikatafuta Kampala. Ipo, lakini haina saa yake: inakuelekeza ukaulize Nairobi. Nikaifungua Nairobi, nikakuta kwamba enzi za ukoloni iliwahi kuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Dakika arobaini na tano! Kuna afisa alikaa ofisini, akaliona jua, akaiona London, akagawanya tofauti kwa kisu. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuangalia.

Si sisi tu. Mwanzoni mwa 2018, saa nyingi za ukutani na za majiko huko Ulaya zilichelewa kwa karibu dakika 6 kwa sababu Serbia na Kosovo ziligombana kuhusu umeme, na saa hizo huhesabu mapigo ya umeme wenyewe. Sisi wa West Nile, tuliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa tukitegemea jenereta na kile kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5, tunajua saa ya umeme ilivyo. Ile yangu yenye tarakimu nyekundu haichelewi kwa dakika 6. Inapepesa 12:00 tangu asubuhi hadi jioni, na mara mbili kwa siku inasema kweli.

Tena kulikuwa na wakati ambapo deni lilikuwa la upande wa pili. Kabla Sudan Kusini haijapata namba yake ya kimataifa, 211, mwaka 2011, kampuni moja ya simu ya huko, Gemtel, ilitumia 256 ya Uganda. Mtu alikupigia akiwa ng'ambo ya mpaka, simu ikakwambia yuko nyumbani. Wanaofanya biashara ya magendo hawakuhitaji hata kusema uongo.

Najua utakaloniambia: zima ule mpangilio wa simu kujiwekea saa. Nimeuzima. Lakini mtu aliyepata sababu ya kununua saa ya mkononi haiachi ipotee hivihivi. Nikateremka karibu na soko kuu la Arua kutafuta Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka 1989 na ambayo haijawahi kuona haja ya kubadilika. Hukosea kwa sekunde zisizozidi 30 kwa mwezi, betri yake hukaa kama miaka 7, na haiongei na mnara wa mtu yeyote.

Kijana wa meza alikuwa nazo zimepangwa kama kumi hivi. Sasa, saa hii ina siri: ukibonyeza kitufe cha kulia ukakishikilia kwa sekunde tatu, tarakimu hufutika na mahali pake pakaandikwa CASIo, ile o ya mwisho ikiwa ndogo. Nikabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya.

"Mzee, unatafuta nini humo ndani?"

"Jina lake."

"Jina limeandikwa juu hapa, bure kabisa."

Watu wakaanza kusogea. Ya nne ikaitika, CASIo, na mtu nyuma yangu akapiga makofi. Basi ikawa mchezo. Kila mwenye saa mkononi akaibonyeza. Bwana mmoja wa makamo, aliyekuwa ametueleza kwa kirefu kwamba yake ililetwa kutoka Dubai na mkwe wake, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena kwa kidole gumba, kisha akateremsha mkono wa shati na kuondoka bila kuaga. Kijana wa meza, mjanja kuliko sisi wote, akaichukua ile moja iliyoitika na kuipandishia bei palepale. Nikalipa. Nilipomuuliza kama ana Rolex pia, akanielekeza kwa muuza chapati na mayai.

Tangu hapo saa hiyo ndiyo hakimu wa nyumba. Mke wangu, ambaye baada ya kisa cha Koboko haisadiki simu yangu hata ikimwambia mvua inanyesha, huiangalia mezani kila asubuhi. Ina kasoro moja, wala haifichi: haijui mwaka. Kwake Februari ni siku 28, basi.

Mwaka 2024 ulikuwa mrefu. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 29 Februari nilikuwa nimeshatoka. Mezani saa ilionyesha TH na 1. Mke wangu akaona mwezi umeandama, akatuma kodi kwa mwenye nyumba kabla ya chai. Ujumbe wa malipo ulirudi na tarehe 29, simu kwa mara moja ikawa na haki, lakini nani angeisikiliza?

Mwenye nyumba alikuja jioni mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo hufanya tukichelewa tu. Alitaka kujua kulikoni. Nikamweleza mambo ya Februari na miaka mirefu, nikamwonyesha na kile kitufe. Alishikilia sekunde tatu, akasoma jina, akairudisha mezani polepole. Kisha akauliza kama yule kijana wa sokoni anauza kwa jumla, maana ana wapangaji wengine sita.