Bibi na Makasha ya Watu

Mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate ulitoka mwaka 1998, kazi ya BioWare ya Kanada, na ulikuwa umejaa CD tano. Kwetu Malindi, Unguja, ulichelewa kufika, tena kwa kopi za Darajani zilizoandikwa namba kwa makapeni. Tuliucheza kwenye kompyuta ya mtumba ambayo ami aliileta kutoka Dubai. Kompyuta yenyewe iliwekwa chumbani kwa bibi, maana stebalaiza ya nyumba nzima ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya friji lake.

Katika michezo ya aina hii unajitengenezea shujaa, unamtafutia wenzake, kisha unazunguka mji hadi mji ukiongea na watu. Na kupekua. Unaingia nyumba ya mtu usiyemjua, unafungua kasha, unazoa dhahabu, huyo unaondoka. Vijana ulimwenguni kote walicheza hivyo na hakuna aliyewauliza kitu. Bibi, kakaa kitandani na tasbihi mkononi, akauliza: "Mmepiga hodi?"

"Bibi, humu hakuna hodi."

"Kasha la watu hilo! Na mwenyewe huyo kasimama, hamumwoni? Msalimieni!"

Tukamsalimia ili yaishe. Tangu hapo hatukumpita mtu bila maamkizi, na kumbe mchezo umetungwa hivyo hivyo: anayezungumza na kila mtu ndiye apewaye siri na kazi, na anayeiba mbele ya mwenye mali huitiwa askari. Jamaa zetu wa Shangani, wao mbio na mapanga tu, waliishia kuraruliwa na mbwamwitu njiani.

Aliyemshughulisha bibi hasa ni Nessa. Huyo ni ng'ombe mgonjwa pale Candlekeep, mchezo unapoanzia, na mchungaji wake, Dreppin, anakuomba umtafutie dawa. Hata tulipofika mbali, tumo ndani ya migodi ya Nashkel tunakatana na maadui gizani, sauti hutoka kitandani: "Yule ng'ombe aendeleaje?"

Siku moja kompyuta ikadai CD ya nne. Haipo. Tukapindua magodoro, tukapekua makasha, na safari hii ni makasha ya bibi mwenyewe. Mwisho tukaiona juu ya paa, imefungwa uzi, inaning'inia juu ya ungo wa maembe ya achari ili kutisha kunguru. Kunguru hawa asili yao India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasaidie kula taka za mji. Watishwe na CD? Walikuwa wakiidonoa.

Tukanunua kopi nyingine. Kisha Mei 2008 umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari ukakatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Uliporudi, friji likanguruma. Kompyuta haikuwaka tena.

Toleo jipya lipo tangu 2012, halitaki CD wala stebalaiza. Ukilianza, Dreppin utamkuta pale pale Candlekeep. Mpe dawa ya ng'ombe kwanza, mengine baadaye.